Vitalu Arobaini na Vinane

Aprili 14

Nimeanza kuandika kwa sababu sina tena wa kubishana naye kwenye kahawa ya saa nne. Verlyn Haugen, mwenzangu wa kazi, alifariki Februari akiondoa theluji mlangoni kwake. Kwa kuwa ardhi ya huku Dakota Kaskazini ilikuwa imeganda futi nne kwenda chini, hajazikwa bado. Yuko kwenye chumba cha matofali nyuma ya kanisa, pamoja na wengine wawili wanaosubiri ardhi ilainike. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka na wala hatushangai. Mwaka huu tu ndio najikuta nikipita pale nageuza uso.

Leo nimefungua stoo ya kituo chetu cha utafiti wa kilimo. Ndoo yake ya bati iko juu ya rafu, imefunikwa mdomo chini, kama alivyoiacha Oktoba. Msimu ukiwa unaendelea, ndoo ya Verlyn ilisimama wima karibu na mlango. Kazi ya mwisho ikiisha aliiosha, akaikausha, akaifunika rafuni mpaka mwaka unaofuata. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi naye na sijamwona akikosea hilo.

Aprili 22

Ramani haipo.

Niliandike vizuri, maana nikizeeka nitataka kukumbuka ujinga huu ulivyotokea. Tuna vitalu arobaini na vinane vya ngano. Serikali inatoa ruzuku kwa chuo chetu, huu ni mwaka wa tano na wa mwisho, tujue ni kitu gani kinaweza kurudisha uhai kwenye udongo uliochoka. Kuna magunia ya rangi nne: nyekundu, bluu, nyeupe na njano. Matatu yana mbolea za aina tatu na moja lina pumba tupu. Vyote vimeshindiliwa kiwandani kuwa punje za kahawia zinazofanana. Daktari Pfeifle, mwanamke wa chuo anayesimamia utafiti, anajua rangi gani ina nini. Verlyn peke yake alijua kitalu gani kinapata rangi gani. Mimi sitakiwi kujua lolote, maana mimi ndiye mpimaji, na mpimaji akijua, jicho lake linaanza kupendelea.

Sasa Daktari alidhani nakala ya ramani iko ofisi ya ruzuku, ofisi ikadhani iko kwa Daktari. Verlyn alishawahi kuniambia kwamba ya kwake aliichoma. "Karatasi ikikaa, kuna siku utaisoma, Renae," alisema. "Nakujua."

Miaka kumi na tisa, na huo ndio uaminifu nilioupata. Nimemkasirikia maiti leo, na sioni haya kusema.

Aprili 23

Upepo siku nzima.

Aprili 30

Tumepanda ngano. Daktari amekuja kutoka mjini na viatu vipya. Amenieleza nisichotaka kusikia: mkaguzi wa serikali anakuja mwisho wa Julai. Bila ramani, miaka mitano yote ni takataka. Ruzuku haitaongezwa, chuo kitafunga kituo, na shamba litakodishwa kwa walima viazi sukari. Mimi nina miaka hamsini na mbili na hakuna kazi nyingine niijuayo.

"Na mbolea ya mwaka huu?" nikamuuliza. "Inamwagwa mara tatu kila msimu. Ya kwanza ni ndani ya siku kumi na mbili. Nimwage nini, wapi?"

"Acha kwanza," akasema. "Usimwage chochote."

Nimefunga stoo mwenyewe. Ufunguo uko kwenye mnyororo wangu.

Mei 9

Tumemzika Verlyn. Ardhi imeachia. Tulikuwa watu kumi na wanne, na upepo ulichukua maneno ya mchungaji ukayapeleka Minnesota. Ardis, mjane wake, alikaa kwenye kiti kilichowekwa kwenye majani. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi na anatembea na kile chuma cha kushikilia, hatua moja baada ya nyingine.

Baadaye kwenye chumba cha chini cha kanisa tulikula sandwichi za nyama ya nguruwe na saladi ya viazi. Ardis akanishika mkono.

"Hakupenda kuacha kazi katikati," akasema.

"Wala mimi sipendi, mama."

"Basi vizuri," akasema, kana kwamba nimekubali jambo fulani.

Mei 11

Vitalu vimemwagwa mbolea.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, umande bado. Niliona punje za kahawia zimetapakaa kwenye kila kitalu, sawasawa, hakuna lundo wala pengo. Nikadhani macho yananidanganya. Nikapiga magoti nikaziokota. Zilikuwa zenyewe.

Halafu nyayo. Verlyn alimwaga akitembea kinyumenyume. Alianzia upande wa barabara, akarudi nyuma polepole mpaka kwenye majani ya bwawa lililo mwisho wa shamba, ili asikanyage alipokwisha kumwaga. Hakuna mwingine anayefanya hivyo, vijana wa chuo walimcheka. Nyayo za leo zote zinaelekea barabarani, kama za mtu anayetoka shambani. Hakuna hata moja ya kuingia. Kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje, kama cha buti za Verlyn. Zinaishia kwenye majani ya bwawa, na baada ya hapo hakuna kitu.

Stoo ilikuwa imefungwa kama nilivyoifunga. Ndani, magunia manne matupu yamekunjwa mara nne. Ndoo iko chini karibu na mlango, imesimama wima, imelowa.

Nimekaa kwenye gari nusu saa.

Mei 12

Nimempigia Daktari. Nikamweleza. Swali lake la kwanza:

"Renae, ni wewe?"

"Ningekuwa mimi ningekuambia."

"Alikupa ramani, sivyo? Sikulaumu. Mmefanya kazi pamoja miaka mingi."

"Hakunipa kitu."

"Sawa," akasema, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Aliyefanya alijua anachofanya?"

"Nitajuaje? Punje zote ni za kahawia."

Mei 20

Mvua, inchi moja kasoro. Ngano imetoka vizuri.

Juni 2

Daktari amefunga kamera ya wawindaji kwenye nguzo ya stoo, ile inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Anasema tukimwona mtu anachota gunia lipi na anaelekea kitalu kipi, ramani tumeipata. Nimemwambia picha atazame yeye. Mimi nikitazama, vipimo vyangu vya mwaka huu havina maana.

"Unaogopa kumjua?" akaniuliza.

Nikasema naogopa kuharibu kazi. Ilikuwa kweli nusu.

Juni 9

Imemwagwa tena. Ni siku ileile ambayo Verlyn angeichagua, ngano ikiwa magotini. Nyayo zilezile, zote zinatoka. Ndoo imesimama mlangoni ikiwa na maji kidogo chini.

Kamera ilikuwa imegeuzwa. Daktari amekuja mbio, akakaa kwenye ngazi ya stoo akitazama picha moja moja. Zilikuwa mia tatu na kumi, zote za ukuta wa stoo. Rangi imebanduka, kuna msumari, basi. Kamba ya kamera ilifungwa upya kwa fundo la mkono wa kushoto.

"Verlyn alitumia mkono gani?" akaniuliza.

"Unajua alitumia upi."

Hakucheka. Ni mara ya kwanza nimemwona mwanamke huyu akiogopa, na nikampenda kidogo. Tukanywa kahawa ya chupa yangu, tumekaa bega kwa bega tukitazama bwawa. Kabla ya kuondoka alinipa fomu ya saa za kazi ambayo serikali inadai. Anataka nitie sahihi kwamba mimi ndiye niliyemwaga, Mei na Juni, kwa muda wa saa tisa kila mara.

"Mtu lazima awe amefanya," akasema.

"Lakini si mimi."

"Ni sahihi tu, Renae."

Nimeirudisha ikiwa tupu.

Juni 15

Mbu. Hakuna kingine.

Juni 24

Daktari amekuja na karatasi ya miraba na kalamu nne za rangi. Tulisimama barabarani, jua linawaka, na ngano mbele yetu imetofautiana: vitalu vingine vimejaa, vya kijani kizito, vingine vimekonda.

"Mkulima yeyote akipita hapa anaona vipi vimekula," akasema. "Tuchore. Vile vizuri ni nyekundu, nyekundu ndiyo mboji. Vile vibaya ni njano. Hata wewe unaona."

"Naona ngano."

"Renae, tuna wiki tano."

"Ukichora kwa kutazama mavuno, kisha ukapima mavuno, umepima nini? Umepima kalamu zako."

Akaniambia kwamba yeye ana watoto wawili, ana wanafunzi sita wanaoishi kwa ruzuku hii, na kwamba uadilifu wangu ni mzuri sana kwa mtu asiye na wa kumlisha. Nikamwambia arudi mjini. Hatukuagana. Alikaa barabarani akichora, nami nikaenda kung'oa magugu nikilia, kwa sababu alichosema ni kweli na nilichosema mimi pia ni kweli.

Julai 6

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikuja mapema, saa kumi na moja na nusu, kumekwisha kucha lakini jua halijatoka. Nilitaka kusoma kipimo cha mvua. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa na umeingia kwenye vitalu mpaka kiunoni. Nilisimamisha gari nikiwa nimetazama barabara, mgongo kwa shamba, nikazima injini.

Ndipo nikasikia mpini wa ndoo.

Ule mpini una kutu upande mmoja, unalia kila hatua ya pili. Nimeusikia miaka kumi na tisa. Kati ya mlio na mlio nikasikia punje zikianguka kwenye majani ya ngano, sauti ndogo kama mchele ukimwagwa kwenye ungo. Mlio ulikuwa unatoka kwangu kwenda mbali, polepole. Mtu anatembea kinyumenyume.

Kilichotakiwa ni kugeuza shingo tu. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa mbele yangu na nikakikunja chini nisione. Kama ningegeuka ningejua ni nani. Ningejua pia rangi gani inaenda wapi, na Daktari angepata ramani yake, na kituo kingepona, na mimi nisingekuwa mpimaji tena wala vipimo vya mwaka wa tano visingekuwa vipimo. Niliyawaza hayo yote nikitazama barabara.

Nikasema kwa sauti, "Verlyn, kama ni wewe, sijageuka."

Mpini ukanyamaza. Ndege nao wakanyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni mwa gari. Nilijua, kama mtu anavyojua amesimamiwa, kwamba kuna anayenitazama kisogoni, na hatazami kwa ubaya.

Kisha mpini ukalia tena, ukaendelea kwenda kwenye bwawa. Nilikaa mpaka jua likatoka na ukungu ukaisha. Nilipoingia stooni magunia manne ya mwisho yalikuwa yamekunjwa. Ndoo imesimama.

Julai 13

Nimekwenda kwa Ardis. Nilikuwa na mpango wa kumuuliza kwa hila, nikashindwa hata kabla ya kuvua viatu.

"Mama, ni wewe unayemwaga mbolea?"

Akanitazama, akatazama kile chuma chake cha kutembelea, akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Nashindwa kufika kwenye sanduku la barua, mwanangu. Nani amemwaga?"

Nikamweleza. Hakuonekana kushangaa sana. Alisukuma sahani ya biskuti kwangu.

"Kuna asubuhi tatu mwaka huu nilikuta bomba la uani linadondosha maji," akasema. "Nikadhani nimesahau kulifunga, ni umri wangu."

Nikamuuliza kama Verlyn aliacha karatasi yoyote, daftari, hata mgongo wa kalenda.

"Hakuandika kitu. Jioni za baridi aliniambia tu rangi za kushona." Akaona uso wangu. "Lile blanketi la viraka. Miaka mitano iliyopita. Akakaa hapo ulipokaa, akafumba macho, akanitajia: bluu, njano, njano, nyekundu. Sita kwa nane. Nikamwambia Verlyn, huu si mpangilio, rangi zimekaa ovyo, wanawake wa kanisani watanicheka. Akasema shona tu. Nikashona. Walinicheka kweli. Tumelala chini yake miaka mitano."

"Liko wapi, mama?"

"Tulimfunika nalo." Akavunja biskuti vipande viwili. "Alikuwa analipenda. Liko naye ndani ya jeneza."

Saa ya ukutani ililia muda mrefu. Nilifikiri juu ya ardhi ile iliyogoma kufunguka mpaka Mei, na ramani yote imelala gizani juu ya magoti yake, na mtu wa kuisoma ni yeye tu.

"Kumbe nimelala na siri ya serikali," akasema Ardis, "na mimi nalalamikia rangi." Halafu akainua kidole. "Nililipeleka maonyesho ya wilaya. Halikupata hata utepe. Lakini wifi yangu alilipiga picha."

Akaanza kujikokota kwenda kwenye droo. Nikamwambia subiri. Nikageuza kiti nikatazama dirisha.

"Ukiipata usinionyeshe. Itie kwenye bahasha, ugundishe, uandike jina lako juu ya gundi."

Nilisikia droo ikifunguka, karatasi zikipekuliwa, kisha kimya. Alikuwa ameipata. Ilikuwa hatua mbili nyuma yangu.

"Iko wazi kabisa," akasema. "Kona moja nimeshona herufi zake, aliniambia hapo ndipo namba moja. Huangalii?"

"Hapana."

Akalamba gundi ya bahasha. "Alisema hivyo hivyo," akasema. "Nilimuuliza mbona humwambii Renae, mnakaa pamoja kuliko unavyokaa na mimi. Akasema, yule ndiye mwenye macho pekee ninayoyaamini pale, ndiyo maana hatakiwi kujua."

Ardis akanipa kitambaa cha jikoni, chenye harufu ya vitunguu, nikajifuta nacho.

Julai 29

Mkaguzi amekuja, mwanamke mfupi anaitwa Bi Baca, kofia kubwa na maswali mafupi. Daktari alikuwa na ule mchoro wake wa kalamu nne ndani ya mkoba. Nilimwona akishika zipu ya mkoba, akaiachia, akaishika tena. Kabla hajaamua nikampa Bi Baca bahasha ya Ardis na kumweleza ilikotoka. Nikamwomba akae nayo yeye mpaka nivune.

"Na nani alimwaga mbolea mwaka huu?" akauliza. "Fomu iko tupu."

"Sijui. Na kwa kanuni sitakiwi kujua."

Akamgeukia Daktari. Daktari akavuta pumzi. "Nilimwomba atie sahihi ya uongo," akasema. "Akakataa. Iandike kama ilivyo."

Bi Baca alitembea peke yake mpaka kwenye bwawa. Aliporudi alikuwa amejikunyata, na ilikuwa nyuzi joto thelathini na mbili.

"Kuna mfanyakazi mwingine pale chini?" akaniuliza. "Mzee, ameshika ndoo?"

"Sikutazama," nikasema.

Aliitia bahasha ndani ya koti na hakuuliza tena.

Agosti 19

Nimevuna vyote. Nimepima kila kitalu mara mbili.

Agosti 27

Bahasha imefunguliwa chuoni, mbele ya watu watano. Gundi ilikuwa salama. Nilikabidhi vipimo vyangu kwanza, nikakaa.

Daktari aliweka namba zangu juu ya picha ya blanketi, kitalu kwa kitalu, miaka mitano. Miaka minne ya Verlyn akiwa hai ililingana na picha. Mwaka wa tano nao ukalingana. Hakuna kitalu hata kimoja kilichopata rangi isiyo yake. Mboji imeshinda kwa kiasi kidogo, lakini ni ushindi wa kweli. Bluu, iliyogharimu zaidi, haikuwa bora kuliko pumba.

Kisha Daktari akatoa ule mchoro wake, akaulinganisha mbele yetu bila kulazimishwa. Ulikuwa umekosea vitalu kumi na kimoja.

"Ningeipa serikali huu," akasema, akauchana.

Hakuna aliyeuliza tena nani alimwaga. Kila mmoja alikuwa anatazama ile picha, viraka vinne vya rangi, na nadhani sote tulikuwa tunafikiria mahali blanketi lenyewe lilipo.

Septemba 30

Baridi ya kwanza. Bata bukini wanapita kusini.

Oktoba 8

Barua imekuja. Ruzuku ya miaka mingine mitano.

Daktari amenipigia mwenyewe. Ameomba radhi kwa yale ya Juni. Kisha akasema anataka mimi niwe mshika ramani mpya. Nikamwambia maana yake ni kwamba sitapima tena maisha yangu yote.

"Najua," akasema. "Lakini nani mwingine atanyamaza hivyo?"

Nimekubali. Mchana nimekata vijikaratasi arobaini na vinane vya rangi nne, nikavitia kwenye kofia, nikatoa kimoja kimoja na kukariri mpangilio mpaka ukakaa kichwani. Nikavichoma kwenye pipa. Kisha nikatembea mpaka kwenye majani ya bwawa, jua likiwa bado juu.

"Wametupa mitano mingine," nikamwambia. "Nimeikariri. Si mradi wa mtu mmoja tena, Verlyn. Unaweza kuacha."

Upepo tu kwenye matete. Nikajiona mjinga, nikarudi nyumbani.

Oktoba 9

Nimefungua stoo asubuhi. Karibu na mlango, pale ndoo iliposimama tangu Mei, kuna duara kavu kwenye vumbi.

Iko juu ya rafu. Imeoshwa, imekaushwa, imefunikwa mdomo chini.